Ngoma, Vileo na Askari: Habari za Kitui na Makueni

Msomaji wa magazeti ya Kenya hukuta mara kwa mara, katika pembe ya ukurasa wa ndani, habari fupi kwamba polisi wameivamia baa fulani usiku wa manane katika mji wa Emali, au Mwingi, au Wote, au Mtito Andei. Kwamba wanawake kadha wa kadha wametiwa mbaroni kwa kucheza uchi au kwa kuzurura kwa nia ya ukahaba. Kwamba vyombo vya muziki vimetwaliwa, na kwamba mkuu wa polisi wa mahali hapo ameapa kuung'oa ufuska wote katika eneo lake. Habari hiyo huandikwa kana kwamba ni jambo lililozuka juzi, ilhali katika nchi ya Ukambani, yaani nchi ya Wakamba zilimo Kitui na Makueni, serikali imekuwa ikishindana na ngoma, na pombe, na wanawake wa ngoma na pombe, kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi kimedhani kuwa ndicho cha kwanza kuyaona maovu hayo na ndicho cha mwisho kuyavumilia.

Kabla ya kuja dola ya Waingereza, Kitui haikuwa nchi iliyojifungia. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, alikuwa akishuka Mombasa na misafara yake, na ndiye aliyempokea Krapf mwaka 1849, katika safari ambayo mmisionari huyo aliuona Mlima Kenya kutoka nchi ya Kitui. Watu waliokuwa na biashara ya namna hiyo walikuwa na starehe zao, nazo zilikuwa na utaratibu uliofahamika na kila mtu. Vijana walikuwa na ngoma zao za usiku wenye mbalamwezi, zenye kuruka na kupinduka hewani kwa ustadi uliowastaajabisha wageni. Wanawake watu wazima walikuwa na kilumi, ngoma kuu ya kuwaita mizimu na kuomba mvua. Na katika jando lao, liitwalo nzaiko, hasa lile la pili lililokuwa kubwa kuliko la kwanza, ziliimbwa nyimbo ambazo kuziimba mbele ya mama mkwe siku nyingine yoyote kungaliitwa wazimu. Lindblom, mwanachuoni wa Uswidi aliyekaa Ukambani katika miaka ya 1911 na 1912, aliziandikia mila hizo kurasa nyingi, na aliyezisoma hawezi kusema kwamba Wakamba wa zamani walikuwa watu wasiojua aibu, wala kwamba walikuwa watu waliouogopa mwili. Walikuwa wameitenga siku, na mahali, na rika, na ndani ya mipaka hiyo wakaruhusu mengi. Nje yake wakatoza faini ya mbuzi au ya fahali.

Pombe nayo ilikuwa na mipaka yake. Asali iliyochanganywa na maji ilitiwa katika kibuyu pamoja na miatine, yaani yale matunda marefu ya mti wa mvungunya, ambayo huchemshwa na kukaushwa mpaka nyuzi zake ziwe tayari kuchachua. Kisha kibuyu kiliwekwa karibu na meko kikapata joto la kiasi, hata povu likapanda. Pombe hiyo, uki kwa lugha yao, na kaluvu kwa wengi wa Kitui, ilikuwa haki ya wazee. Ilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, ikapelekwa kwa mkwe wakati wa posa, ikanywewa baada ya shauri kuamuliwa. Kijana aliyeonekana amelewa alikuwa ameyachukua yasiyo yake, na baba zake walimwadhibu bila ya kumngoja askari. Siandiki haya ili kuipamba zamani, maana mipaka ile iliwapendelea wazee kuliko watu wote, na wanawake hawakuulizwa shauri. Lakini ilikuwa mipaka iliyowekwa na watu waliokuwa wakikaa pamoja, na mkosaji aliwajua waliomhukumu.

Mambo hayo yalitikisika kwa misiba miwili iliyofuatana. Wa kwanza ulikuwa ile njaa kubwa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye, njaa iliyowatoa watu makwao kwa maelfu, wakaenda Ugikuyu kuomba chakula, na wengine wakashuka kwenye njia ya reli iliyokuwa ikijengwa wakati huo huo kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, hata mahali palipopewa jina la Sultan Hamud wa Unguja. Penye kambi za reli palikuwa na mchele, na palikuwa na wanaume waliotoka mbali bila wake zao. Na mwanamke aliyemwona mtoto wake akifa kwa njaa alikuwa na kitu kimoja tu cha kubadilisha na mchele ule. Maofisa wa wakati huo waliandika kwa uchungu juu ya ufisadi wa kambi hizo. Hawakuandika kwa uchungu kama huo juu ya bei ya mchele. Hapo ndipo ulipoanza, kando ya njia ile ile ambayo leo ni barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ule uhusiano wa ukame wa bara na fedha za njia ambao haujavunjika mpaka hivi leo.

Msiba wa pili, kama wazee waliouona wangeruhusiwa kuuita hivyo, ulikuwa kuja kwa watu waliozihukumu ngoma zote kwa hukumu moja. Peter Cameron Scott na wenzake wa African Inland Mission walifika Nzaui, katika Makueni ya leo, mwishoni mwa mwaka 1895. Walutheri wa Leipzig walikuwa Ikutha, na baadaye Mulango, upande wa Kitui. Wamisionari hao walifanya mema ambayo mjukuu wa Kikamba hawezi kuyakana: walifundisha kusoma, wakatibu vidonda, wakaiandika lugha. Lakini kwa Mkristo wao kucheza ngoma ilikuwa ni kurudi gizani, iwe ngoma ya mavuno, iwe ya mvua, iwe ya harusi, na kuonja uki ilikuwa ni sababu ya kutengwa na meza ya Bwana. Basi Ukambani ukagawanyika mara mbili: wa wasomi na wa wachezaji, na katika nyumba moja ndugu wawili waliweza kulala siku ya Jumamosi, mmoja akiwa na kitabu na mwingine akiwa na njuga. Mgawanyiko huo nimeutaja kwa sababu umebaki katika dhamiri za watu hata baada ya sababu zake kusahauliwa. Na hata leo mzee wa kanisa anaposimama barazani kulaani baa, sauti yake ina mwangwi wa siku zile ambazo furaha yote ya usiku ilikuwa dhambi moja isiyo na daraja.

Serikali kwa upande wake haikuijali dhambi. Iliijali amani na kodi. Mwaka 1911, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo iliikusanya pamoja sehemu kubwa ya nchi tunayoiita Makueni, alitokea mwanamke jina lake Siotune wa Kathuke, aliyesema kwamba amejiwa na roho, na pamoja naye akasimama mtu jina lake Kiamba. Watu wakakusanyika kwao na kucheza, hata kazi zikaachwa na amri za serikali zikadharauliwa. Watawala waliokuwa wamezitazama ngoma kwa tabasamu la mgeni aliyealikwa walishikwa na hofu, wakawakamata wote wawili na kuwahamisha mbali na watu wao. Hilo ni tukio la zamani, na halikuwa la starehe bali la imani na siasa. Hata hivyo ndilo lililowafundisha watawala kwamba umati unaocheza usiku si lazima uwe umati mtiifu asubuhi.

Mwaka uliofuata, 1912, ilitungwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji, iliyowapa machifu na wazee wa serikali uwezo wa kutoa amri juu ya utengenezaji wa pombe na mikutano ya ulevi. Katika sheria zote zilizopata kuyagusa maisha ya Mkamba wa kawaida baada ya ile ya kodi, sidhani kwamba iko iliyomgusa kwa karibu zaidi. Maana chifu hakuwa mzee wa nzama, yaani baraza la wazee, aliyechaguliwa na wenzake kwa hekima. Alikuwa mtumishi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kizungu, naye alikuwa na askari wa kwake, na mara nyingi alikuwa mwenyewe mpenda uki. Wazee waliifurahia sheria hiyo mwanzoni, kwa kuwa vijana waliorudi kutoka kazini Nairobi na mashambani mwa Wazungu walikuwa na fedha mfukoni, na mashine za kukamua miwa zilikuwa zimeifanya pombe kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa kikombe. Kijana mwenye senti alikuwa sasa analewa bila ya idhini ya baba yake. Wazee wakamwomba Bwana Shauri awasaidie kuwazuia vijana, na Bwana Shauri akawasaidia. Lakini msaada huo ulikuwa na gharama, kwa kuwa tangu siku ile aliyekuwa na haki ya kusema nani anywe na nani asinywe hakuwa tena baba wa mtu, alikuwa ni askari.

Tena ikatokea jambo ambalo halikukusudiwa na wazee wala na Bwana Shauri. Mpikaji wa pombe ya kuuza alikuwa aghalabu mwanamke: mjane, au mwanamke aliyeachwa, au mke ambaye mumewe yuko Mombasa na barua hazileti fedha. Askari wa chifu alipotumwa kuvunja mitungi, mtungi aliouvunja ulikuwa wa mwanamke huyo, na mtu aliyepelekwa kwa chifu alikuwa yeye. Wanywaji walikuwa wamekwisha kuondoka. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litarudi mara nyingi katika hikaya hii, na kila mara litakuja limevaa nguo nyingine.

Mwaka 1930 koloni ya Kenya ilipata Kanuni ya Adhabu mpya, iliyotungwa kwa mfano wa sheria za Kiingereza, na ndani yake mkawamo vifungu ambavyo mpaka leo vimo katika Sura ya 63 ya Sheria za Kenya: kifungu cha 153 juu ya mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, cha 154 juu ya mwanamke wa namna hiyo, na cha 156 juu ya mwenye nyumba inayotumiwa kama danguro. Mtu akivisoma vifungu hivyo kwa makini ataona kwamba shabaha yake ni mwenye kuchuma kutokana na mwili wa mwenziwe. Kuuza mwili wenyewe, kwa mtu mzima, Kanuni hiyo haikukutaja kuwa ni jinai. Lakini palikuwa na sheria za uzururaji, na baadaye sheria ndogondogo za mabaraza ya miji, na hizo zilimruhusu askari kumkamata mtu yeyote aliyesimama mahali pasipo na sababu iliyompendeza askari. Kwa hiyo mlango mkubwa wa sheria, ulioelekezwa kwa mwenye nyumba na mwenye fedha, ulibaki umefungwa kwa kutu, na mlango mdogo wa uani ukawa unapitishwa wanawake kila juma.

Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua Wakamba wengi mno katika jeshi la King's African Rifles, na wengine wengi wakawa polisi, hata sifa ya Mkamba kuwa askari ikawa mashuhuri katika Afrika ya Mashariki yote. Walirudi na santuri na gitaa, na viatu vya kuchezea dansi. Wakarudi pia na hoja moja ambayo serikali haikuweza kuijibu vizuri, kwamba mtu aliyepigana Burma hawezi kuambiwa kuwa hafai kununua chupa ya bia ya Kizungu, kama walivyokuwa wamekatazwa Waafrika mpaka hapo. Marufuku hiyo ikalegezwa baada ya vita. Katika miji midogo ya Kitui na Mwingi, na katika masoko ya kando ya reli, zikafunguliwa nyumba za kunywea zenye meza na kaunta, na mwanamke aliyekuwa akipika nyumbani kwake akawa sasa mhudumu katika nyumba ya mtu mwingine. Nalo hili ni geuko kubwa. Mpikaji wa kwanza alikuwa na mtungi wake na faida yake, ingawa alikuwa na hofu. Mhudumu hana mtungi wala faida, ana mshahara mdogo, na tabasamu analoamriwa kuliweka usoni, na hofu ile ile.

Ulipokuja uhuru, dola mpya iliziheshimu ngoma kwa namna ambayo wamisionari wa Nzaui wasingeliamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilijenga Bomas of Kenya huko Nairobi, na wachezaji wa ngoma za Kikamba wakawa miongoni mwa fahari zake, wakiruka hewani mbele ya mabalozi na watalii waliolipa kiingilio. Siku hizo hizo, bara kwao, naibu chifu alikuwa akihitaji kuombwa kibali kwa ngoma ya harusi, na wakati mwingine alikataa. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 ilitaka leseni. Mwishoni mwa muongo huo vilabu vya pombe za kienyeji vikapigwa marufuku kwa amri ya Rais Moi. Na mwaka 1980 ikaja Sheria ya Kukataza Chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji. Ile amri ya vilabu iliwafukuza wanywaji kutoka mahali palipokuwa wazi, penye kuta na mwenyekiti na saa za kufunga, ikawapeleka vichakani kwa mama pima, yaani muuza pombe ya siri, na huko hapakuwa na mtu wa kuionja pombe kabla ya kuuzwa. Huu ni msimamo wangu, na nitaushikilia: hiyo ndiyo amri iliyotugharimu roho nyingi kuliko zote.

Wakati huo huo muziki ulikuwa umefika kilele chake. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers walikuwa wakiitikisa nchi kwa benga ya Kikamba, na Kalambya Sisters, kwa sauti zao nyembamba za juu, waliuimba wimbo wa Katelina uliopendwa hata na wasiojua neno moja la Kikamba. Bendi zilipita Machakos, Wote, Kibwezi, Kitui na Mwingi mwisho wa mwezi, na nyumba za kunywea zikajaa walimu, wafanyabiashara wa ng'ombe, makarani wa kaunti kaunsili na madereva. Mwanamke aliyekwenda huko peke yake alihesabiwa kuwa amekwisha kujiuza. Mwanamume aliyekwenda huko akimwacha mkewe nyumbani alihesabiwa kuwa amekwenda kupumzika. Sijui jamii yoyote ya pwani au ya bara ambayo imelisawazisha jambo hili, nasi tusijione kuwa wabaya peke yetu. Lakini si vizuri kulipita bila kulitaja, kwa kuwa sheria za usiku zimejengwa juu ya hesabu hiyo.

Kisha ikaja njaa ya miaka ya 1980, ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi na chakula hakikupatikana. Baada yake, na baada ya kila ukame uliofuata, wasichana wa Ikutha, wa Mutomo, wa Kathonzweni na wa Nguu walionekana wakiteremka kuelekea barabara kuu, kama bibi zao walivyoteremka kuelekea reli. Malori yalikuwa yamechukua nafasi ya kambi za reli. Emali, Sultan Hamud, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei zikawa na safu za vyumba vya kulala wageni, vya mabati na vya mawe, na baa mbele yake. Na wenye vyumba hivyo si majambazi wa kutoka nchi za mbali, bali ni watu wenye heshima wa mahali pale, wenye maduka na mashamba, wengine wao wakiwa na viti vya mbele kanisani.

Namna msako unavyofanyika katika miji hiyo imezoeleka kiasi kwamba mkazi yeyote anaweza kuieleza. Gari la polisi huzimwa taa mbali kidogo. Askari wawili hushika mlango wa uani, wengine huingia kwa mbele. Muziki hukatwa ghafla, na taa nyeupe ambazo hazikuwashwa jioni nzima huwashwa zote kwa pamoja, hata kila mtu akaonekana mzee kuliko alivyokuwa dakika moja iliyopita. Wanaume hutoa vitambulisho, husema maneno machache kwa sauti ya chini, na wengi wao huachiliwa. Wahudumu na wachezaji huamriwa kuketi sakafuni, viatu vyao vyenye visigino vikiwa mkononi, na kama aliyekuwa akicheza hakuwa na nguo ya kutosha hujifunika kanga ya mwenzake, na kama kanga haipo hujifunika mikono yake. Spika na kikuza sauti hupakiwa garini kuwa ushahidi. Asubuhi huja mahakama, shtaka la kuzurura au la kuuza kileo baada ya saa zilizoruhusiwa, na faini. Mwenye baa huilipa faini hiyo kwa ukarimu, kisha hukata kidogo kidogo katika mshahara wa aliyelipiwa, hata mwanamke huyo akawa mtumwa wa deni katika nyumba ile ile ambayo sheria ilisema imekuja kumwokoa. Baa hufunguliwa tena jioni ya tatu. Kifungu cha 156 hakitajwi na mtu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawalaumu askari peke yao. Askari huitwa. Huitwa na wazazi wanaoona baa imefunguliwa karibu na shule, na wazazi hao wana haki. Huitwa na wake ambao mishahara ya waume zao huishia kaunta. Huitwa na mchungaji. Na wakati mwingine huitwa na mwenye baa jirani anayetaka kumwangusha mshindani wake. Miaka ya 1990 na iliyofuata waliitwa sana kwa sababu ya vibanda vya video, ambavyo mchana vilionyesha filamu za karate, na usiku vilionyesha picha chafu kwa yeyote mwenye shilingi chache, watoto wakiwamo. Katika jambo la watoto sina maneno mawili. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 imeweka adhabu kali kwa anayemtumia mtoto katika ukahaba na picha za uchi, na askari anayevunja mlango ili kumtoa mtoto katika nyumba kama hiyo anastahili shukrani za kila mzazi wa Kitui na Makueni. Msiba ni kwamba nguvu zinazohitajika kwa kazi hiyo hutumiwa juu ya mwanamke mzima wa miaka thelathini ambaye kukamatwa kwake ni rahisi na hakuna anayekuja kumdhamini.

Mwaka 2010 ulileta mambo mawili. Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha aliyeisimamia, iliihalalisha chang'aa kwa masharti ya kupimwa na kutiwa katika chupa, ikaweka saa za kunywa kuwa kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na ikakataza baa isiyofika mita 300 kutoka shule. Na Katiba mpya, katika Jedwali lake la Nne, ilizikabidhi kaunti mamlaka juu ya burudani za umma, leseni za vileo, sinema na maonyesho ya video, na pia udhibiti wa dawa za kulevya na wa picha za ngono. Kwa maneno mengine, tangu zilipoanza serikali za kaunti mwaka 2013, shauri la nini kichezwe, wapi, na mbele ya nani, limerudi kwa watu wa Kitui na wa Makueni wenyewe, kupitia mabunge waliyoyachagua, kwa mara ya kwanza tangu lilipotwaliwa kwa wazee.

Haikupita miaka miwili pombe yenye sumu ya methanoli ikaua makumi ya watu katika Mei 2014, huko Embu na Kiambu, na Kitui na Makueni pia, na wengine wakapofuka. Nyumba zilizofiwa hazikutaka kusikia habari za haki za mwenye baa, na nani angeweza kuwalaumu? Tangu hapo moyo wa watu ukawa mgumu zaidi, na kila amri iliyotoka Nairobi ikapokelewa kwa makofi: kufungwa kwa baa na amri ya kutotoka nje wakati wa korona mwaka 2020, ambapo misako ilikuwa ya kila usiku, na kisha maagizo ya Kindiki, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, ya Machi 2024, baada ya vifo vingine vya Kirinyaga, yaliyotaka baa za mitaani wanamokaa watu zifungwe. Makofi hayo nayaelewa. Hata hivyo methanoli haikutiwa katika pombe na wachezaji wala na wahudumu. Ilitiwa na wafanyabiashara, na ikapita vizuizi vya barabarani ikiwa ndani ya magari.

Imani yangu ni hii, na naisema bila kuificha: katika miaka mia na zaidi tuliyoipitia, kosa halikuwa kwamba serikali iliweka mipaka juu ya starehe, maana hapana jamii isiyo na mipaka, na wazee wa kale walikuwa na mipaka mikali kuliko hii. Kosa lilikuwa kwamba mipaka ilitolewa mikononi mwa watu wanaojuana, ikatiwa mikononi mwa askari wa usiku, na askari huyo akapewa sheria inayompa njia rahisi ya kumkamata mnyonge na njia ngumu ya kumfikia mwenye mali.

Makueni ilijipatia sifa nchini kote, katika miaka ya Gavana Kivutha Kibwana, kwa kuwaita wananchi vijijini wakate shauri la fedha zao wenyewe, wapi pajengwe zahanati na wapi kisima. Nawaomba madiwani wa Wote na wa Kitui wafanye vivyo hivyo katika jambo la nyumba za burudani: waitishe mabaraza, wawaite wazazi na wachungaji na maimamu, lakini wasiwasahau wahudumu na wachezaji wenyewe, nao wapewe nafasi ya kusema bila kupigwa picha, waandike katika sheria zao za leseni kwamba mwenye nyumba ndiye wa kujibu kwanza kwa mtoto aliyepatikana ndani, kwa saa zilizopita kiasi, na kwa mshahara uliokatwa kwa sababu ya faini, na wamwombe mkuu wa polisi wa kila kaunti awape hesabu, kila mwaka, ya wenye nyumba wangapi wamefikishwa mahakamani kwa kifungu cha 156, na wanawake wangapi kwa kuzurura. Hesabu hizo mbili zisomwe barazani, kwa Kikamba na kwa Kiswahili, mbele ya watu wote.